MASTAA NA MASHANGINGI YA KUNYANYUA: PESA YOTE IMEENDA KWENYE PICHA, ABIRIA JE?

Mitandao imechafuka tena. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaanika shangingi lake jipya na mji mzima umelijadili. Gari imenyanyuliwa mpaka mtu wa kawaida akitaka kuingia lazima akanyage kingazi. Tairi nene kama za trekta, taa zimepangwa juu ya paa kama jukwaa la shoo, winchi nyekundu mbele, mkonga umesimama pembeni ya kioo. Chini akaandika kwamba sasa pori halimtishi tena. Laiki zikamiminika, mashabiki wakammwagia mioto.

Siku chache baadaye ikavuja video nyingine, hii fupi na haina muziki. Shangingi lile lile limelalia tumbo kwenye tope la njia ya vumbi nje ya mji. Watu sita wamesimama pembeni, viatu mkononi, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Anayewaokoa ni mzee mmoja na pikapu yake ya kubebea mkaa, rangi imebanduka, tairi za kawaida kabisa. Bongo nzima ikacheka.

Ila kuna kitu kwenye video ile ambacho wengi wamekipita, na si cha kuchekesha. Kamba ya kuvutia imefungwa kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela nyuma ya gari. Na vijana wa staa wamesimama hatua mbili tatu kutoka kwenye kamba, simu juu, wanarekodi. Kichwa kile kimetengenezwa kuvuta tela linalotembea, hakikutengenezwa kuhimili gari ya tani mbili na nusu iliyonaswa kwenye tope. Kikikatika wakati kamba imekaza, kinaruka kama risasi. Watu wamekufa kwa namna hiyo sehemu mbalimbali duniani. Gari ina taa za mamilioni lakini haina ndoano mbili za maana zilizofungwa kwenye chesesi.

Hapo ndipo penye mada. Mastaa wetu wanatengeneza magari ya porini kwa kuanzia kwenye kinachoonekana kwenye picha, na kinacholinda roho za watu kinabaki cha mwisho, au hakifiki kabisa.

PESA NI YAKE, SHINGO NI ZA WENZAKE

Mashabiki wana hoja moja: pesa yake, gari yake, wivu peleka kwenu. Sawa kabisa. Mtu ametoka mbali, ameimba kwenye vigodoro mpaka sauti ikakauka, leo ana uwezo, ale maisha. Tena staa anauza muonekano, hiyo ndiyo kazi yake. Kama gari ni ya kuzunguka Masaki na Mikocheni na kushukia kwenye shoo, aipambe hata kwa dhahabu, hakuna wa kumuuliza.

Shida inaanza pale gari ya picha inapopakiwa meneja, wacheza shoo, mpiga picha na mtoto wa dada, halafu ikaelekezwa porini. Hapo habari ya pesa ya mtu imeisha. Imebaki habari ya watu waliopanda kwa kuamini kwamba gari inayotisha hivi lazima itakuwa salama. Mcheza shoo wa kulipwa kwa siku hawezi kumuuliza bosi kama breki zimeangaliwa. Anafunga mkanda, kama upo, anacheka na wenzake, safari inaanza.

GARI IMEPANDA, DIFU IKO PALE PALE

Watu wengi wanaamini ukinyanyua gari basi imepanda yote. Si kweli. Chukua Land Cruiser yoyote ya kazi, au Prado: nyuma ina ekseli nzima, yaani difu imekaa katikati ya tairi mbili. Ukiweka springi ndefu unapandisha bodi, viti na vichwa vya abiria. Difu haipandi hata sentimita moja. Jiwe lililokuwa linagonga difu jana, leo litaigonga vile vile.

Kinachopandisha difu ni tairi peke yake, na hapo unapata nusu tu. Ukitoka tairi ya inchi 31 kwenda ya inchi 33 umeongeza inchi 2 za kimo cha tairi, lakini difu imepanda inchi 1, sentimita mbili na nusu. Ndiyo maana mashangingi ya kutisha yanakalia tumbo kwenye makorongo ambayo pikapu ya mkaa inapita: mwenye pikapu anajua tairi zake zikanyage wapi.

Sasa weka gharama yake. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani hakati kona kwa kasi, anajua ikiyumba imemwagika. Gari iliyonyanyuliwa ni ndoo kichwani. Uzito umepanda juu, halafu juu ya huo uzito staa anaongeza keria la chuma, tairi la akiba, taa na hema la kulalia. Barabara ikiwa nyoofu hutaona tofauti. Siku mbuzi akikatiza na dereva akakata usukani ghafla, gari ambayo ingeyumba na kurudi inalala ubavu.

Si hilo tu. Springi zikirefuka, mipira ya breki inavutika, inatakiwa iwekwe mirefu. Propela shafti inakaa kwa pembe mbaya, inaanza kutetemesha gari. Kwa Prado, sivi jointi za mbele zinapinda kuliko zilivyozoea, zinakufa mapema. Usukani unalegea, haurudi katikati wenyewe, mpaka fundi arekebishe pembe za mbele. Haya yote yanarekebishika vizuri tu. Ila hayaonekani kwenye picha, kwa hiyo hayalipiwi.

Habari za ndani zinasema fundi wa shangingi lile alijaribu. Ni mtu mzima, mikono imekula grisi miaka mingi. Akamwambia, "Bosi, springi hizi ni ndefu. Bora tuanze na mipira ya breki na shokapu, hizi za zamani hazitafika." Akajibiwa, "Mzee, we nyanyua tu, Jumamosi nina shoo." Mzee akanyanyua. Angefanyaje? Akikataa yeye, gereji ya jirani itakubali.

TOCHI HAIJALI TAIRI LAKO

Kuna kichekesho kingine ambacho wenye matairi makubwa hawakijui mpaka wasimamishwe. Mshale wa spidi uliwekwa kiwandani kwa tairi lililokuja na gari. Ukiweka kubwa zaidi, kila mzunguko unakupeleka mbali kuliko mshale unavyohesabu. Kutoka inchi 31 kwenda 33, mshale ukisema 50 wewe uko 53. Ukienda 35, mshale unasema 50 na wewe umeshafika 56. Trafiki na tochi yake kwenye kibao cha 50 hatasikiliza habari za inchi.

Faini ni jambo dogo. Breki zile zile za kiwandani sasa zinasimamisha tairi zito zaidi, kwenye gari nzito zaidi, inayokwenda kasi kuliko dereva anavyodhani. Na kilomita za kumwaga oili nazo zinadanganya: ukisubiri 5,000 kwenye dashibodi, injini imeshatembea zaidi ya 5,300.

DAWA YA BEI RAHISI KULIKO ZOTE

Ukimuuliza dereva wa utalii aliyezoea njia ya Mto wa Mbu kupitia Engaruka mpaka Ziwa Natron, mchanga na vumbi la mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, atakwambia silaha yake ya kwanza ni upepo. Yaani kupunguza upepo wa tairi.

Tairi linalobeba 35 kwenye lami, ukilishusha mpaka kati ya 18 na 20 kwenye mchanga linatanuka, linakanyaga eneo kubwa, gari inaelea badala ya kuchimba. Dakika kumi za kuinama na kijiti zinafanya kazi ambayo springi ndefu haziwezi kuifanya. Kinachotakiwa ni geji ya kupimia na kompresa ndogo ya kurudishia upepo kabla ya kuingia lami, maana ukikimbia na tairi laini linapata moto na kupasuka. Geji na kompresa kwa pamoja havifikii bei ya mstari mmoja wa zile taa. Kwenye shangingi la staa, kwa mujibu wa waliokuwepo, havikuwepo vyote viwili.

Halafu kuna umri wa tairi. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne zimefungwa kwenye kiduara kirefu. Zikisomeka 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na meno marefu na weusi wa kung'aa, kumbe mpira umeshazeeka na nyufa zinakuja. Mtu analipa mamilioni ya rangi ya jeshi halafu anapanda juu ya mpira wa miaka kumi. Kusoma tarakimu nne ni bure.

Winchi nayo ina hesabu yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba nguvu ya winchi iwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari ikiwa imepakia. Gari ya kilo 3,000 inataka winchi ya kilo 4,500. Winchi na bampa lake la chuma vinaweza kufika kilo 100 mbele kabisa ya gari, springi za mbele zinainama, na zinatakiwa zinazobeba huo uzito. Na winchi bila mti wa kufungia, bila mkanda mpana wa kuzungushia mti, bila glavu, bila mtu anayejua kuwatoa watu pembeni ya waya, ni pambo lenye hatari.

Hata mkonga una maana yake. Unapandisha mahali injini inapovutia hewa, basi. Kama viungo vyake havijazibwa vizuri maji yanaingia chini, injini inameza maji, inakufa pale pale mtoni. Na difu na gia boksi zina vipumulio vyake; visipopandishwa juu kwa mpira, vinanyonya maji na oili inageuka kuwa kama maziwa. Kuna mikonga mjini imebandikwa nje tu, ndani haijaunganishwa na kitu. Ni hereni.

WENYE KAZI YAO WANAFANYAJE

Nenda Arusha uone gereji zinazotengeneza magari ya watalii. Wanachukua Land Cruiser za familia ya 70, ambayo Toyota iliitoa mwaka 1984 na inaendelea kutengenezwa mpaka leo, wanarefusha chesesi na bodi, wanaongeza viti, wanaweka paa la kufunguka watu wasimame kuangalia simba. Ni kazi kubwa kuliko ya staa yeyote. Lakini angalia hazijanyanyuliwa kama ghorofa. Springi zinachaguliwa kwa uzito wa abiria na mizigo, tairi za kiasi, matangi ya mafuta, redio ya mawasiliano, jeki ndefu, sepeto. Nyingi zinabeba injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na taabo, kwa sababu ikizima porini inapona kwa spana na fundi wa kawaida.

Na dereva wake akifika kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi mvua imenyesha, hakanyagi mafuta kwa mbwembwe. Anasimama. Anashuka. Anakanyaga tope kwa mguu wake kwanza. Anajua udongo ule unajaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama andazi, na tairi la inchi ngapi halibadilishi kitu. Mara nyingine anageuza.

Jirani zetu Kenya wana Rhino Charge, mashindano ya porini yaliyoanza mwaka 1989. Yanachangisha pesa za taasisi ya Rhino Ark, ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme wa zaidi ya kilomita 300 kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Magari ya pale ndiyo yamebadilishwa kweli kweli, mengine huwezi kujua yalikuwa gari gani. Timu inatakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi si mwenye kasi, ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Wana vyuma vya kulinda wakipinduka, mikanda ya mashindano, kofia ngumu. Na wana wakimbiaji: watu wanaoshuka na kukimbia kwa miguu mbele ya gari kutafuta njia. Gari ghali kabisa, na bado mguu wa mtu unatangulia.

KUNA ANAYEJUA, ILA HAJITANGAZI

Haki itendeke, si mastaa wote wako hivyo. Kuna mwigizaji mmoja wa filamu, mwanadada, naye jina kapuni, ana mkonga wa zamani aliununua kwa mtu ukiwa hoi. Mwaka mzima hakupost kitu. Aliyemtengenezea anasema dada yule alianza na bushi, breki, rejeta na oili za difu. Akaja kwenye tairi mpya zisizo na makuu. Zikafuata ndoano mbili mbele na mbili nyuma, zimefungwa kwenye chesesi. Springi alibadilisha mwisho, akapanda inchi 2 tu, na mipira ya breki ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Taa za paa hana. Alipoulizwa na shoga zake mbona gari yake haina mvuto, akajibu, "Mie nataka kwenda na kurudi."

Picha zake za safari za Usambara hazina laiki nyingi. Ila watu wanaosafiri naye wanarudi wanasimulia maua na baridi, hawasimulii tope.

WADOGO WANAIGA

Kwa nini hili lizungumzwe kwa ukali? Kwa sababu ya kijana wa Tegeta au Mbagala anayemtazama staa wake. Hana Land Cruiser, ana Rav4 ya mkopo au Noah ya kubebea abiria. Anakwenda kwa fundi wa kona anaomba naye anyanyuliwe. Wanaweka vipande vya mpira na chuma juu ya springi, gari inapanda, anapiga picha, anapakia watu tisa anaingia barabara kuu. Barabara zetu ni mbovu, mtu kupandisha gari kidogo ipite kwenye mashimo inaeleweka. Lakini kidogo ya fundi anayejua na nyingi ya kushindana na staa ni vitu viwili. Na aliyekata bima ya gari ya kawaida, halafu akaibadilisha bila kusema, asishangae siku ya ajali kampuni ikaanza kuuliza maswali.

Staa mwenye wafuasi mamilioni angeweza kubadili hili kwa video moja. Ainame apunguze upepo. Asome tarakimu nne za tairi lake. Amweke mbele ya kamera yule mzee fundi, amtaje kwa heshima, amuulize, "Mzee, tuanze na nini?" na amwache ajibu. Taa na rangi zitakuja baadaye, zipo tu, haziozi.

Kwa sasa, kwa anayealikwa safari na mwenye shangingi la kutisha, kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya kupanda, na hayana aibu. Mipira ya breki ilibadilishwa wakati wa kunyanyua? Geji ya upepo iko wapi? Tukinasa, kamba inafungwa wapi? Mwenye gari akicheka badala ya kujibu, mwambie umepata dharura nyumbani. Atakuita mshamba. Mshamba mzima ni bora kuliko mjanja aliyelala ubavu.

Mdau, gari ya staa nani inakutisha kuliko zote, na unadhani inaweza kufika porini na kurudi? Umewahi kunasa ukavutwa na nani? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi weka pembeni.